Niirudishe Siku Gani?

Isingoma ameileta ndani ya gunia la mahindi,
barua ya polisi wa Masindi mfukoni, imekunjwa mara nne,
muhuri umelowa jasho. Nimeisoma mara mbili.
Mimi Mursal, mtu wa Bombo, miaka ishirini na miwili
nilihesabu bunduki za serikali, jioni na alfajiri;
siku hizi natengeneza cherehani.
Bunduki siigusi bila karatasi.

Karatasi ipo. Basi nimeigusa.

Ni ile ya wenzo, ya zamani:
unausukuma chini, unaurudisha, ganda linaruka.
Sasa haurudi. Umekwama nusu ya njia
kama mtu aliyeinama kuokota kitu
akasahau alichoinamia.

Kijana ananionyesha picha kwenye simu:
kitako cha plastiki nyeusi, darubini juu,
mtutu ukatwe shubiri moja, chuma kipakwe rangi ya moshi.
"Iwe ya kisasa, fundi. Iwe na sura."
Mtutu sikati, nikamwambia, barua haikusema kukata.
Na sura, sura ya nani?
Akacheka.

Shangazi yake, Kabasomi, hakucheka.
Ameketi juu ya sanduku langu la vipuri,
mkoba magotini, kama anayesubiri kuitwa na daktari.
"Irudishe kama ilivyokuwa."

Nikaipeleka mlangoni, penye mwanga.
Kama ilivyokuwa. Sawa, mama. Lakini lini?

Maana kiwandani ilitoka na mti wa ng'ambo,
mwekundu, laini; na hapa shingoni mti umevunjika,
na aliyeuunga si kiwanda:
waya wa shaba, mizunguko kumi na tisa,
umevutwa kwa koleo na ukaidi.
Kisiginoni kuna kiraka cha mvule,
rangi haikulingana, wala hakujali ilingane.
Skrubu ya wenzo ni ya baiskeli.
Naijua, ndugu zake nimewafungua kwa mamia.
Na mbele, pa kulengea, kuna jino
lililochongwa kwa sarafu ya senti kumi;
nusu ya tundu la katikati bado inaonekana,
kama mwezi uliong'atwa.

"Huyo ni baba," Kabasomi akasema.
"Ndovu aliikanyaga, mwaka ule wa mihogo mingi.
Akakesha nayo siku tatu, chakula hagusi.
Tulimwita Araali, jina la kubembeleza, lina radi ndani yake,
lakini alikuwa mtu wa sauti ndogo.
Alikuwa akipiga hewani tu. Ndovu wakirudi Budongo,
watu wanavuna, naye anatafuta maganda yake kwenye nyasi."

Isingoma amesikia, macho yamemtoka:
"Kumbe babu naye aliigeuza! Basi na mimi nina haki."

Ana haki. Hilo ndilo linalonikera.

Jeshini hatukuwa na mashauri haya.
Kitako kikivunjika kinatupwa, namba inaandikwa, kinakuja kingine,
na jioni humjui yupi ni yupi.
Nilidhani huo ndio ufundi.

Kiwanda nikikirudisha, nitafungua waya huu
na mkono wa Araali utaanguka sakafuni
pamoja na vumbi la msasa.
Nikimpa kijana plastiki yake, mkono utaanguka vilevile,
ingawa huenda mzee angeelewa:
naye alichukua kilichokuwapo.
Tena ipo kutu, na kutu haiji kwangu
na barua ya mtu.

Nimedondosha mafuta penye wenzo, tone, nikangoja, tone.
Nimewaambia waje Alhamisi.
Kabasomi amesimama, amekung'uta gauni,
ameuliza tu kama shaba itasuguliwa.
Sijui, nikasema. Ikisuguliwa itang'aa kama ya jana.
"Basi iache," akasema; halafu, mlangoni, "au la."

Kijana amebaki nyuma.
Simu ameiweka mezani, uso chini.
Kidole chake kiko juu ya waya, anahesabu mizunguko,
midomo inacheza. Akifika kumi na mbili anapotea,
anaanza upya.